UZI: Mkia wa bata mzinga, na swali la nani huamua mwananchi ale nini

1. Kila bei ya chakula ikipanda, ama ripoti ya kisukari ikitoka, mjadala unarudi palepale. Kundi la kwanza linasema watu ni wakaidi, wanapenda vitu vibaya, wafundishwe kula. La pili linasema serikali ipige marufuku hicho chakula kibaya, mambo yaishe. La tatu linasema soko ni huru, kila mtu aachiwe sahani yake. Leo hatutaji chama wala mwanasiasa. Tunaenda Bahari ya Pasifiki, kwenye nchi ndogo ambayo imepitia hayo yote matatu. Nchi ni Samoa. Kaa hapa, uzi ni mrefu.

2. Kwanza tujue tunaongea kuhusu wapi. Samoa ni visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i, na vingine vidogo vidogo. Mji mkuu ni Apia. Watu wake ni kama laki mbili na kitu. Ukiondoa Lamu, kila kaunti ya Kenya ina watu wengi kuliko nchi hiyo nzima. Usiichanganye na ile Samoa ya Marekani, ambayo iko jirani na ina historia yake. Weka huo udogo akilini, kwa sababu utakuja kuwa na maana kubwa huko mbele.

3. Walikuwa wanakula nini? Talo, yaani nduma. Mashelisheli. Ndizi, nazi, samaki na vitu vingine vya mwambani. Nguruwe kwa siku kubwa. Chakula kilipikwa kwa umu, mawe yanayopashwa moto mpaka yakawa mekundu halafu chakula kinapangwa juu yake na kufunikwa kwa majani. Kuna palusami, majani machanga ya nduma yaliyofungwa na tui la nazi ndani. Mpaka leo, Jumapili baada ya kanisa familia hukaa pamoja kwa mlo wa to'ona'i. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba hawa watu hawakujua kula. Walijua sana.

4. Sasa biashara inaingia. Kutoka miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa Apia wakinunua nazi. Ulaya ilitaka mafuta ya kutengenezea sabuni, na mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kuyasafirisha. Mwaka 1899 wakubwa waligawana visiwa, na kuanzia 1900 upande wa magharibi ukawa koloni la Ujerumani. Gavana Wilhelm Solf akaamuru wenye ardhi wapande minazi kila mwaka. Nazi ikaanza kutoka kwa sufuria ikaenda melini. Na meli haikurudi tupu. Ilileta unga wa ngano, sukari, biskuti na nyama ya mikebe.

5. Hebu tusimame kwa hiyo nyama ya mikebe. Kisamoa kinaiita pisupo. Inasemekana neno lilitoka kwa Kiingereza, kwa supu ya njegere iliyokuja kwa mikebe mapema, halafu jina likahamia kwa nyama ya ng'ombe ya mkebe. Hata sapasui, chakula cha tambi ambacho leo kinaonekana cha Kisamoa kabisa, kina mizizi kwa Wachina. Wajerumani walileta vibarua kutoka China kuanzia 1903 kufanya kazi mashambani mwao. Ukiangalia sahani ya Samoa vizuri, unaona orodha ya waliopita hapo.

6. Jambo la pili kuhusu pisupo ni heshima. Samoa ina shughuli zinazoitwa fa'alavelave: mazishi, harusi, kutawazwa kwa kiongozi wa ukoo, kufunguliwa kwa kanisa. Ukoo unapeleka mikeka mizuri iliyosukwa kwa muda mrefu, pesa, nguruwe, na pia makatoni ya mikebe ama ndoo za nyama ya chumvi. Msemaji anasimama mbele ya watu anatangaza nani ameleta nini. Sasa hapo mkebe si chakula tu, ni jina la familia. Ukimwambia mzee aache kupeleka pisupo kwa sababu ina mafuta na chumvi, unamwambia aingie matangani mikono mitupu. Kampeni ya afya isiyoelewa hilo inapoteza karatasi.

7. Mwaka 1914, vita vya kwanza vilipoanza, New Zealand iliichukua Samoa, ikaitawala mpaka uhuru tarehe 1 Januari 1962. Katikati hapo, vita vya pili vilileta wanajeshi wa Marekani Upolu kuanzia 1942. Walijenga uwanja wa ndege, wakaajiri watu kwa mshahara, na wakaja na vyakula vyao vya mikebe. Pesa taslimu na chakula cha dukani vilitembea pamoja. Mtu anayeshinda kazini kwa mshahara hana siku nzima ya kwenda shambani na mwambani.

8. Baada ya vita, viwanda vya Auckland vilihitaji mikono, na Wasamoa wengi wakahamia New Zealand, baadaye Australia na Marekani. Pesa wanazotuma nyumbani zimekuwa nguzo ya uchumi mpaka leo. Wakenya wanaelewa hili bila kuelezwa. Lakini angalia athari yake kwenye sahani. Kijana aliyeondoka ndiye aliyekuwa wa kulima na kuvua. Kilichobaki nyumbani ni pesa zake, na pesa huenda dukani. Familia haijakuwa mvivu. Imebadilishana nguvu kazi kwa noti.

9. Na duka liliuza nini? Hapa ndipo mkia wa bata mzinga unaingia. Marekani baada ya vita ilianza kufuga bata mzinga kwa wingi wa kiwandani. Mwamerika anataka kifua na mapaja. Ile sehemu ya nyuma inayoshika manyoya ya mkia, yenye tezi ya mafuta na kunona kupita kiasi, hukatwa. Gharama ya ndege mzima imeshalipwa na kifua. Kwa hivyo mkia ni masalio, na bei yoyote inayozidi nauli ya meli ni faida. Kontena likajaa, likaelekea Pasifiki.

10. New Zealand nayo ilikuwa na masalio yake: nyama ya tumbo la kondoo, ile ya chini ya mbavu, nyembamba na yenye mafuta tele. Huko kwao wenye pesa hawaitaki sana. Ilipata soko Samoa, Tonga, Fiji na Papua New Guinea. Usikose hii pointi. Hakuna mkutano wa siri uliofanyika kudhuru Wapasifiki. Ni hesabu ya kawaida ya biashara: mabaki ya tajiri hutafuta mahali ambapo maskini anatafuta nyama ya bei nafuu. Mama akiwa na tala chache mkononi na watoto sita nyumbani, samaki wa sokoni ni ghali, mkia ni rahisi. Angenunua nini?

11. Kuna anayesema: si basi warudi shambani? Swali zuri, na Samoa inalijibu kwa njia ya kushangaza. Hawa si watu walionyang'anywa ardhi yote. Karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya kimila, iko chini ya koo, na katiba ya uhuru inazuia isiuzwe. Kwa hivyo ile hoja ya "wape ardhi na lishe itajirekebisha" haitoshi peke yake. Ardhi ilikuwepo, na bado nyama ya kontena ilishinda. Ardhi bila mikono, bila soko na bila mbegu imara haiweki chakula mezani.

12. Mbegu, ndiyo. Februari 1990 kimbunga Ofa kiliipiga Samoa. Desemba 1991 kikaja kingine, Val. Mashelisheli na migomba ikalala chini. Nduma ndiyo iliwainua watu, ikawa chakula na pia zao linaloongoza kuuzwa nje. Halafu 1993 ukaja ugonjwa wa kuoza majani ya nduma, unaoletwa na vimelea vya ukoo mmoja na vile vilivyomaliza viazi vya Ireland miaka ya 1840. Ndani ya mwaka mmoja hivi mashamba yalikuwa yameisha na mauzo ya nje yamekatika karibu kabisa. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu wakulima wengi walikuwa wamepanda aina moja, iliyopendwa na wanunuzi wa nje. Ugonjwa ukiiweza moja, umeziweza zote.

13. Soko la nduma kule New Zealand likachukuliwa na Fiji. Na nyumbani Samoa, pengo kwenye sahani likajazwa na mchele na unga wa ngano kutoka nje. Ilichukua miaka mingi ya kuchanganya mbegu, kazi iliyofanywa na watafiti pamoja na wakulima wenyewe kupitia kampasi ya Alafua ya Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, mpaka zikapatikana aina zinazostahimili. Lakini mtoto aliyezaliwa 1993 alikuwa amekua akila wali. Zao likirudi, ladha hairudi siku hiyohiyo.

14. Matokeo yakaonekana hospitalini. Kufikia miaka ya 2000 zaidi ya nusu ya watu wazima wa Samoa walikuwa na unene wa kupindukia, na kisukari na magonjwa ya moyo yakawa mzigo wa nchi. Hapa kundi moja litasema: ni damu yao, ndivyo walivyoumbwa. Ni kweli kwamba 2016 watafiti walichapisha habari za jeni moja, CREBRF, ambalo aina yake fulani inapatikana sana kwa Wasamoa na huongeza uzito. Lakini aina hiyohiyo ya jeni ilihusishwa na hatari ndogo zaidi ya kisukari. Halafu jiulize: jeni limekuwa ndani ya watu hawa vizazi na vizazi. Ugonjwa umekuja juzi. Kilichobadilika ni chakula na kazi, damu ilikuwa ileile.

15. Basi mwaka 2007 serikali ikachukua hatua: mkia wa bata mzinga marufuku kuingia nchini. Waliounga mkono walishangilia. Ilikuwa hatua ya ujasiri kwa nchi ndogo. Mkia ukapotea madukani. Je, watu walianza kula samaki na nduma? Wengine walipunguza nyama. Lakini wengi walihamia nyama nyingine rahisi yenye mafuta, ya kuku ama ya kondoo. Na si ajabu. Marufuku iliondoa bidhaa moja, haikubadilisha kipato cha mama wala bei ya samaki.

16. Sasa tufike kwenye kiini cha siasa. Samoa ilikuwa imeomba kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, WTO, tangu 1998. Kujiunga na WTO si kujaza fomu. Wanachama waliomo ndani wanakubali kwa pamoja, kwa hivyo kila mwenye maslahi anaweza kukukalisha chini akuulize hili na lile. Katika meza hiyo likaibuka swali la mkia. Hoja dhidi ya Samoa ilikuwa hii: mnazuia bidhaa moja ya kigeni, huku nyama nyingine zenye mafuta zinaruhusiwa. Onyesheni kwamba marufuku hiyo ni ya lazima kwa afya, na kwamba hakuna njia nyingine isiyobana biashara kiasi hicho.

17. Tuwe wakweli, hoja hiyo si ya kijinga. Kanuni za WTO zinaruhusu nchi kulinda afya ya watu wake, lakini zinadai ionekane kweli ni afya, isiwe kisingizio cha kubagua bidhaa za nje. Kama mafuta ndiyo tatizo, kwa nini mkia wa bata upigwe marufuku na nyama ya kondoo ipite? Upande wa Samoa nao ulikuwa na jibu la kawaida: nchi yoyote huanza mahali fulani. Huwezi kuzuia yote siku moja. Tatizo ni kwamba nchi ya watu laki mbili haina kikosi cha mawakili na watafiti wa kubishana kwa miaka mingi. Na wakati huo Samoa ilikuwa bado katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa duniani, ikatoka humo 2014.

18. Makubaliano yalikuwa hivi. Mkutano wa mawaziri wa Geneva, Desemba 2011, uliidhinisha Samoa. Marufuku iondolewe. Katika kipindi cha mpito Samoa iruhusiwe kutoza ushuru wa forodha wa asilimia 300 kwa mkia wa bata mzinga, na baadaye ushuru ushuke hadi asilimia 100. Tarehe 10 Mei 2012 Samoa ikawa mwanachama wa 155. Kwa hivyo lango halikufunguliwa kabisa, lakini pia serikali haikuwa tena na uwezo wa kulifunga kwa neno moja.

19. Linganisha na hili. Septemba 2009 serikali hiyohiyo ya Samoa ilihamisha magari yote ya nchi kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto, ili jamaa walioko New Zealand na Australia waweze kutuma magari ya bei nafuu nyumbani. Kulikuwa na maandamano na kesi, lakini ilifanyika. Yaani serikali iliweza kubadilisha upande ambao nchi nzima inaendeshea magari, ila haikuweza kudumisha marufuku ya kipande cha nyama. Ukitaka kujua mamlaka ya nchi yanaishia wapi, usiangalie bendera. Angalia yaliyo kwenye mikataba.

20. Je, hakukuwa na njia nyingine? Zilikuwepo. Fiji mwaka 2000 ilipiga marufuku uuzaji wa ile nyama ya tumbo la kondoo ndani ya nchi. New Zealand haikufurahia. Lakini kuzuia uuzaji wa kitu, kiwe kimetoka nje au ndani, ni tofauti kisheria na kuzuia kisiingie. Samoa yenyewe imetoza ushuru wa soda tangu 1984. Uingereza, pamoja na utajiri wake wote, ilianza ushuru kama huo 2018. Kwa hivyo usione Samoa ni nchi iliyolala. Ilitangulia wengi.

21. Kuna kona ya Nairobi katika hadithi hii. Desemba 2015 mawaziri wa WTO walikutana hapa kwetu na kukubaliana kuondoa ruzuku ambazo nchi huwapa wakulima wao ili wauze nje kwa bei ya chini. Ilisifiwa kama ushindi wa mkulima wa nchi maskini, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini fikiria tena mkia wa bata mzinga. Hauhitaji ruzuku ya kuuzwa nje. Ni masalio ambayo tayari yamelipiwa na kifua. Sheria inayolenga ruzuku haiwezi kuugusa. Ndiyo maana mtu akikuambia mkataba fulani "umemaliza tatizo la bidhaa za bei ya kutupa", muulize: za aina gani?

22. Tukirudi kwa yale makundi matatu ya mwanzo. Wale wa "wafundishwe kula" wamekosea kuhusu chanzo: Wasamoa walikuwa na lishe nzuri, ikaondolewa kidogo kidogo na mbata, mshahara, uhamiaji, vimbunga na ugonjwa wa nduma. Wale wa "piga marufuku" wana hoja, lakini marufuku bila mbadala wa bei nafuu inamhamisha mnunuzi kutoka mafuta haya kwenda mafuta yale. Wale wa "soko huru" wanasahau kwamba kilichowekwa mbele ya mnunuzi kilichaguliwa kwanza na mtu mwingine, mbali sana, aliyekuwa anatafuta pa kupeleka mabaki.

23. Na kuna kitu ambacho makundi yote matatu hukisahau: watu wenyewe. Msamoa anayepeleka katoni la pisupo matangani anafanya jambo lenye maana kwake. Alichukua kitu cha wageni akakiingiza kwenye heshima ya ukoo wake. Mabadiliko yoyote ya lishe yanayomdharau yatashindwa. Yanayoanza na swali "ni nini kingine kinaweza kubeba heshima hiyo?" yana nafasi. Mikeka na nguruwe vilibeba heshima kabla ya mikebe, na bado vinaibeba.

24. Kwa hivyo siku nyingine ukisikia kiongozi yeyote, wa upande wowote, anaongea kuhusu chakula cha wananchi, uliza haya:
– Hicho chakula rahisi kinatoka wapi, na kwa nini ni rahisi?
– Cha nyumbani ni ghali kwa sababu gani: mbegu, barabara, mikono, ama ardhi?
– Ukikizuia hiki, mwenye pesa kidogo atanunua nini kesho asubuhi?
– Tumesaini nini tayari ambacho kinatubana mikono, na nani alisoma kabla ya kusaini?
– Zao letu kuu ni la aina ngapi za mbegu, ama tumeweka yote kwenye aina moja?

25. Kiongozi anayejibu matano hayo ana sera. Anayejibu moja tu ana kauli ya mkutano wa hadhara. Samoa ilichelewa kuuliza swali la nne, na la tano lilijibiwa na ugonjwa. Sisi bado tuna muda wa kuuliza yote. Mwisho wa uzi. Hoja karibu, matusi hapana. Aliye na jibu la swali la tatu aliweke hapa chini, kwa sababu hilo ndilo gumu.